Juu ya Mgonjwa Asiyefika

Katika upande ule wa Lilongwe ambao watu wote, wenyeji na wageni, huuita Old Town, na ambao ndio uliokuwa mji kabla ya serikali ya Malawi kuhamisha makao yake kutoka Zomba mwaka 1975 na kujijengea mji mwingine kilimani, yamesongamana maduka ya nguo na ya vyuma, misikiti, soko la kando ya mto na vituo vya minibasi ziendazo kila pembe ya nchi. Na si mbali na ghasia hizo za biashara ipo hospitali ya Bwaila, ambamo wanawake wa Lilongwe wamejifungulia tangu zamani, na ambayo, jua likiwa bado halijapanda, huwa imekwisha kujaa watu walioshika mikononi vijitabu vyembamba vya afya. Ni ada ya Malawi kwamba mgonjwa ndiye mwenye kuhifadhi habari za maradhi yake: kijitabu hicho humfuata nyumbani, hulazwa chini ya mto au ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vingine vya thamani, na ndani yake, chini ya jina la dawa na kipimo cha uzito, tabibu huandika kwa haraka tarehe ya kurudi. Tarehe hiyo ndiyo neno la mwisho baina yao, na aghalabu ndiyo neno ambalo mgonjwa hakushauriwa.

Mintarafu ya tarehe hiyo ndiyo nitakayosema, pale inapowadia na kupita ilhali aliyeandikiwa hakuonekana. Katika daftari la kliniki jambo lenyewe ni dogo: mstari mmoja unabaki mtupu, muuguzi anaita jina mara mbili, hata mara tatu, kisha anaita jina linalofuata. Lakini mistari mitupu ikikusanywa kwa mwezi, na kwa mwaka, na kwa nchi nzima, huwa ni mali nyingi iliyopotea, na kila dola inayoendesha hospitali kwa fedha za umma hufika siku ikauliza mali hiyo imepotelea wapi, na nani wa kulaumiwa. Swali la kwanza ni la haki. La pili, kwa rai yangu, limeharibu mambo mengi, kwa kuwa huulizwa mapema mno, kabla mtu yeyote hajainuka kitini pake kwenda kumtafuta asiyefika na kumwuliza kulikoni.

Waingereza, ambao hospitali zao za umma hazimtozi mgonjwa ada ya kumwona daktari, walitangaza mwanzoni mwa mwaka 2019 kwamba katika England peke yake miadi zaidi ya milioni 15 katika kliniki za madaktari wa mitaani hupotea kila mwaka kwa watu kutokufika bila ya kutoa habari, na kwamba hasara ya ile iliyokuwa na madaktari wenyewe inapita pauni milioni 216. Mwaka 2022 Rishi Sunak, alipokuwa akigombea uongozi wa chama chake, aliahidi kutoza faini ya pauni 10. Na alipokwisha kushika cheo cha Waziri Mkuu, ahadi hiyo ikaachwa. Sina ugomvi na hesabu hiyo, kwani mwenye kutumia fedha za watu hana budi kuwahesabia. Lakini ni hesabu inayotazama upande mmoja tu wa meza: imezipima dakika za daktari na mshahara wake, wala haikupima lililompata yule aliyekuwa aje. Na huko huko Uingereza, tangu mwaka 1971, Julian Tudor Hart, daktari aliyewatibu wachimba makaa na jamaa zao katika kijiji cha mabonde ya Wales, alikuwa amekwisha kuandika kwamba matibabu mema huelekea kuwa haba pale hasa penye watu wanaoyahitaji zaidi. Basi mwenye kulisahau neno hilo akahesabu miadi iliyokosekana, atakuta kwamba wengi aliowakuta na hatia ni wale wale ambao matibabu yalikuwa mbali nao tangu hapo.

Malawi haitozi faini, wala haitozi matibabu yenyewe katika vituo vya serikali. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba hasara ni ndogo kwa kuwa fedha hazikutajwa. Katika nchi tajiri saa ya daktari ikipotea huumia hazina. Katika nchi ambayo madaktari ni wachache mno kwa idadi ya watu, na mzigo mkubwa wa kutibu umebebwa na maofisa tabibu na wauguzi, saa hiyo ilikuwa ya mtu mwingine, aliyerudishwa jana kwa kuambiwa kwamba nafasi zimejaa. Chumba cha upasuaji kilichokwisha kusafishwa, damu iliyotafutwa kwa jasho, mtaalamu ajaye siku moja katika wiki, yote hayo hayawekwi akiba yakatumika kesho. Fauka ya hayo, mwenye kukatiza dawa za kifua kikuu, au zile za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, aweza kuulea mwilini mwake ugonjwa usiosikia tena dawa ya kwanza, ambao tiba yake ni ghali na ndefu zaidi, na ambao aweza kuwapa watu wa nyumba yake. Nayasema haya ili msomaji asinidhanie kwamba nimekuja kumtetea kila asiyefika. Wapo wanaosahau, wapo wanaopuuza, wapo waliopata nafuu wakaona safari haina maana. Wanadamu ndivyo walivyo, na kliniki yoyote huwajua.

Lakini hebu tumfuate huyo asiyefika. Katika miaka ya mwanzo ya mpango wa taifa wa kugawa dawa za Ukimwi bure, ulioanza mwaka 2004, wachunguzi walikwenda katika vituo kadhaa vya kaskazini mwa Malawi, wakayatoa majina ya wagonjwa 253 ambao daftari liliwaandika kuwa wamepotea, wakawatafuta mmoja mmoja. Na habari zao zikachapishwa mwaka 2007 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Watu 127, yaani nusu yao, walikuwa wamekwisha kufa, na zaidi ya nusu ya hao walikufa kabla haijatimia miezi mitatu tangu walipoonekana kliniki kwa mara ya mwisho. Wengine hawakupatikana hata baada ya kutafutwa. Katika waliokuwa hai, wapo waliokutwa wakichukua dawa katika kituo kingine bila ya kituo cha kwanza kuwa na habari. Na waliokuwa wameacha kabisa, sababu waliyoitaja ikasikika zaidi ilikuwa nauli.

Nusu ya wale walioitwa kwa sauti mbele ya watu, na pengine kunung'unikiwa kwa kutojali kwao, walikuwa makaburini. Faini ingalidaiwa kwa marehemu. Hapa ndipo hesabu ya hasara inapopinduka, maana hospitali ilipoteza robo saa, na huyu alipoteza roho yake, kisha robo saa ile ndiyo iliyoandikwa. Na sababu ya kutoandikwa kwa hicho kingine si ukatili wa mtu yeyote. Ni kwamba daftari liko kliniki, na kifo kilikuwa kijijini, na baina ya daftari na kijiji hapakuwa na mtu aliyelipwa kuikata njia.

Waliolifahamu hili mapema katika Lilongwe ni watu wa Lighthouse, taasisi ya kutibu wenye virusi, ambayo ina kliniki moja katika viwanja vya Hospitali Kuu ya Kamuzu na nyingine, iitwayo Martin Preuss Centre, hapo hapo Bwaila. Tangu mwaka 2006 wao waliweka utaratibu wa kuwarudisha watu kwenye matibabu: mgonjwa akipitisha wiki kama tatu tangu tarehe yake bila ya kuonekana, jina lake hutolewa daftarini akapewa mtu ambaye kazi yake si kutibu bali kutafuta, naye hupiga simu, na simu isipojibiwa huenda nyumbani kwa mgonjwa, akiongozwa na maelekezo yaliyoandikwa siku ya kwanza, kwa kuwa katika mitaa mingi ya Lilongwe nyumba haijulikani kwa namba, hujulikana kwa kisima kilicho karibu, au kanisa lililo mbele yake, au duka la fulani. Huenda kwa ruhusa ambayo mgonjwa aliitoa mwenyewe alipoandikishwa, ili siri yake isivunjwe mbele ya jirani. Na walichokikuta watafutaji hao kinastahili kusomwa na kila mwenye kutaka kutoza faini: baadhi walikuwa wamefariki; baadhi hawakuacha dawa hata siku moja, bali walizipata kwingine; na katika waliokatiza, iliyotajwa mno ilikuwa safari, yaani mtu alikuwa mbali na mji, mahali ambapo tarehe ya kliniki ilimkuta hana njia ya kurudi. Mtu akifiwa na mzazi wilayani Mchinji, au msimu wa kulima ukamwita kijijini, ambapo shamba lisipolimwa kwa wakati wake mwaka wote ni njaa, hachagui baina ya wema na uovu. Anachagua baina ya wajibu wa aina mbili, na ule ulio karibu humshinda ule ulioandikwa kwenye karatasi.

Fikra ya kumtafuta asiyefika haikuzaliwa na Ukimwi. Ni ya wazee wa kifua kikuu. Karel Styblo, tabibu aliyetoka Chekoslovakia na kuhamia Uholanzi, alifanya kazi na serikali ya Tanzania tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 akiweka utaratibu wa kutibu kifua kikuu, na Malawi ikaufuata mwendo huo katika miaka ya 1980, kabla ya Shirika la Afya Duniani kuutangaza kwa ulimwengu mzima katika miaka ya 1990. Watu wengi hukumbuka katika utaratibu wake kile kitendo cha kumsimamia mgonjwa akimeza vidonge. Mimi huona kwamba uzito wake ulikuwa katika daftari. Kila robo mwaka, wote walioingia daftarini walikusanywa wakawa kundi moja, na msimamizi wa wilaya akalazimika kueleza habari ya kila mmoja wao: huyu amepona, huyu amekufa, huyu amehamia wilaya nyingine, huyu ameacha. Hapakuwa na nafasi ya mstari mtupu. Mgonjwa asiyefika alihesabiwa kuwa ni upungufu wa kituo, na kituo ndicho kilichodaiwa jawabu, hata kama mgonjwa mwenyewe alikuwa na makosa. Katika fikra zote za tiba zilizopita katika nchi zetu, sijui nyingine iliyo na insafu zaidi ya hiyo.

Sasa na tutoke Old Town tuelekee kaskazini, kilomita 40 na ushei, hadi wilaya ya Dowa. Hapo pana Dzaleka, ambapo katika zama za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la mahabusi wa siasa, na ambapo tangu mwaka 1994 pamekuwa makao ya wakimbizi: Wakongo, wengi wao wa Kivu, na Warundi, na Wanyarwanda, na Wasomali na Waethiopia kidogo. Palikusudiwa watu 10,000 au 12,000. Hivi leo wamepita 50,000, na wapo vijana waliozaliwa hapo wakafika umri wa kuoa bila ya kuijua nchi ya baba zao. Pana kituo cha afya kinachowatibu wakimbizi pamoja na Wamalawi wa vijiji vya jirani, wote katika foleni moja, jambo ambalo ni la sifa kwa nchi maskini na ambalo nchi nyingi zenye uwezo hazijalifanya. Lakini Malawi ilipoingia katika Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, mwezi Desemba 1987, ilijiwekea haki ya kuwachagulia wakimbizi mahali pa kukaa na kuwazuilia mwendo wao pindi usalama wa nchi ukihitaji hivyo. Na kwa haki hiyo, mkimbizi wa Dzaleka hatoki kambini ila kwa ruhusa. Basi ugonjwa wake ukizidi uwezo wa kituo cha kambi, rufaa yake huwa kwenye hospitali ya wilaya ya Dowa, au Lilongwe kwenye Hospitali Kuu ya Kamuzu, na hapo miadi inageuka kuwa jambo la serikali mbili: ya tiba, inayomtaka afike, na ya sheria, inayomtaka asitoke.

Na tumtazame mwanamke mmoja, ambaye si binti fulani wala mke wa fulani, bali namchora kwa fikra tu ili taratibu zionekane. Ana uvimbe tumboni, na ameandikiwa kuonwa Lilongwe siku ya Jumanne, saa mbili za asubuhi. Gari la wagonjwa, kama ilivyo kila mahali, hutangulizwa kwa aliye mahututi, na yeye bado anatembea kwa miguu yake. Kwa hiyo ni nauli. Minibasi ya kwanza itamfikisha Lilongwe, ya pili itamtoa stendi mpaka hospitali, na jioni ni hizo mbili tena, na kama amefuatana na mtu wa kumshika mkono, basi ni nane. Nauli hiyo haikai mahali pamoja. Thamani ya kwacha ilishushwa kwa asilimia 25 mwezi Mei 2022, na kwa asilimia 44 mwezi Novemba 2023, na katika miezi ambayo mafuta ya gari yaliadimika magari yalipanga foleni kwenye vituo vya mafuta usiku kucha, na dereva aliyeyapata kwa bei ya ulanguzi alimtoza abiria bei hiyo hiyo. Fedha ya mgawo wa chakula, ambayo imepunguzwa mara kadhaa kwa wafadhili kupungua, ndiyo fedha pekee iliyo mkononi mwake. Akilipa nauli, watoto hawatashiba wiki hiyo.

Tuseme nauli imepatikana kwa mkopo wa jirani. Bado kuna kibali, na mwenye kukitoa huenda siku hiyo hayupo. Tuseme kibali kimepatikana. Jumatatu usiku linakuja tangazo kwamba mgawo ni kesho, na mgawo hutaka mwenye kadi afike mwenyewe athibitishwe. Sasa huyu mwanamke ana miadi miwili kwa siku moja, ya tumbo lake na ya matumbo ya wanawe, na hakuna hata mmoja katika walioziandika tarehe hizo aliyejua habari za mwenziwe. Atakwenda kwenye mgawo. Ningemshauri aende, na sidhani kama yupo daktari mwenye watoto ambaye, akiwekwa mahali pake, angefanya vinginevyo. Kisha Lilongwe daftari litaandika kwamba hakufika, na atakaporudi kuomba tarehe nyingine, akiwa sasa na barua iliyochakaa kwa kukunjwakunjwa, ataambiwa kwamba alipewa nafasi akaitupa, na tarehe atakayopewa itakuwa ya mbali. Na uvimbe, kwa kuwa hausomi daftari, utaendelea kukua.

Lipo na suala la lugha, ambalo msomaji wa Kiswahili atanisamehe nikilikawilia. Kiswahili si mgeni Malawi. Katika miaka ya 1840 Salim bin Abdallah, mfanyabiashara kutoka pwani ya Waswahili, alifika ufuo wa magharibi wa ziwa la Malawi, huko Nkhotakota, akaweka utawala wake, na waliorithi cheo chake wakaitwa Jumbe mmoja baada ya mwingine mpaka Waingereza walipouondoa utawala huo katika miaka ya 1890. Kilichomleta ni biashara ya pembe na, kwa aibu yetu, ya watumwa. Kiswahili kilichoingia tena Malawi kwa njia ya Kivu na Burundi kimekuja mikono mitupu, kikitafuta hifadhi, nacho ndicho hufahamisha watu sokoni Dzaleka. Hospitalini Lilongwe lugha ni Kichewa na Kiingereza. Mgonjwa wa Uvira au wa Fizi aweza kuambiwa arudi baada ya wiki mbili akaelewa miezi miwili, au akaambiwa aje bila ya kula naye akaja ameshiba, akarudishwa, na safari nzima, na nauli, na kibali, vikawa bure. Huyo ameandikwa kuwa alifika. Lakini nani atasema kwamba miadi yake ilitimia? Mkalimani, ambaye mara nyingi ni kijana wa kambini aliyejifunza Kichewa shuleni, na pengine ni mtoto wa mgonjwa mwenyewe anayelazimika kutaja mbele ya mama yake mambo ambayo mtoto hapaswi kuyataja, huokoa fedha nyingi za serikali kwa siku moja, wala katika hesabu za gharama sijaona jina lake likiandikwa upande wa faida.

Na kuna miadi inayovunjwa na dola yenyewe. Mwezi Machi 2023 serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi wote waliokuwa wakiishi mijini, wengi wao wafanyabiashara wadogo katika miji kama Lilongwe, warudi Dzaleka, na mwezi Mei polisi na askari wakaanza kuwakamata majumbani na madukani, watoto nao wakiwamo, na wengine walipitishwa katika gereza la Maula kabla ya kupelekwa kambini. Sheria ya nchi ni ya nchi, na ipo mahali pake pa kujadiliwa. Mimi naliuliza hili moja tu: miongoni mwa watu hao, aliyekuwa akichukua dawa zake kila mwezi katika kliniki ya mtaani kwake, akatolewa nyumbani alfajiri bila ya kupewa muda wa kutafuta kijitabu chake chini ya mto, tarehe yake ilipopita aliandikwaje? Kwa kalamu ya kliniki, aliandikwa sawasawa na yule aliyesahau.

Upande wa pili wa hesabu haujapata bado mwandishi. Mgonjwa hufika, na dawa haipo. Hufika, na mashine ya kupimia imeharibika tangu wiki iliyopita. Hufika, na mtaalamu ameitwa kwenye mkutano. Hukaa kwenye benchi kuanzia alfajiri hadi alasiri, kisha foleni inakatwa mbele yake akaambiwa aje kesho, ilhali kesho kwake ni kilomita 40 na kibali kipya. Siwalaumu wauguzi, ambao wengi wao hufanya kazi ya watu watatu. Lakini ikiwa siku ya mgonjwa kutokufika ina thamani inayoweza kuandikwa kwa pauni au kwacha, basi siku ya hospitali kutokuwepo nayo ina thamani, na mlipaji wake ni yule yule mmoja. Tena siku hiyo humfunza jambo. Aliyefika mara mbili akarudi mikono mitupu, mara ya tatu huifikiria nauli kwa makini zaidi, na hapo ndipo kutokufika kwake, ambako daftari litakuona kuwa ni mwanzo wa kosa, kunakuwa ni mwisho wa subira ndefu.

Iliyo nafuu kuliko faini, na kuliko hata kumtafuta mtu nyumbani, ni kuzipunguza tarehe zenyewe. Malawi imelifanya hili kwa wenye virusi, na imelifanya kwa ujasiri. Katika uchunguzi uliofanywa kwenye vituo 30 vya Malawi na Zambia, matokeo yake yakatolewa mwaka 2021, wagonjwa waliotulia katika tiba waligawanywa makundi kulingana na vituo vyao. Wengine wakapewa dawa za kutosha miezi 6 kwa mara moja badala ya zile za muda mfupi, na hao wa miezi 6 ndio waliodumu katika matibabu zaidi. Waliokuwa wakiogopa kwamba mtu akipewa dawa nyingi atazipoteza au kuziuza, hofu yao haikutimia. Na muuguzi aliyekuwa akimwona mgonjwa yule yule mzima kila mwezi, akimpima uzito na kumwandikia tarehe, alipata muda wa kumwangalia mgonjwa aliye mgonjwa kweli. Kwa nini basi mzee wa Dzaleka mwenye presha, au kijana mwenye kifafa, ambao dawa zao ni za muda mrefu na hazibadiliki mara kwa mara, wasitazamwe kwa jicho hilo hilo? Jawabu nililolisikia ni kwamba dawa hizo hazitoshi ghalani hata kwa mwezi mmoja. Ni jawabu la kweli, nalo linatuonyesha kwamba wingi wa miadi mara nyingine ni uchache wa dawa uliovaa nguo nyingine: mtu anaitwa kila wiki ya nne kwa kuwa kuna kopo moja la kugawia watu kumi, wala si kwa kuwa mwili wake unahitaji kuonwa.

Mwanzoni mwa mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, fedha zilizokuwa zikilipa sehemu kubwa ya kazi ya Ukimwi Malawi zilitikisika ndani ya siku chache tu tangu amri kutiwa sahihi, na kliniki zilizozitegemea zikalazimika kuamua nani abaki na nani aondoke. Katika saa kama hiyo ni rahisi kudhani kwamba mwenye kushika sindano ni wa lazima na mwenye kwenda nyumba kwa nyumba ni wa ziada. Wenye mamlaka, wa Lilongwe na wa mashirika, ningewaomba walipime hilo kwa mizani ya wale watu 253 wa kaskazini kabla hawajatia sahihi. Na ningewaomba jambo jingine ambalo halihitaji mfadhili: pale mezani, kabla kalamu haijagusa kijitabu, mgonjwa aulizwe kwa lugha anayoisikia kama siku hiyo anaiweza, kama ni siku ya mgawo, kama ana njia ya kupata kibali, kama miadi ya mama na ya mtoto wake inaweza kuwekwa asubuhi moja, na kama simu iliyoandikwa ni yake au ni ya jirani ambaye huenda amehama, na majibu yake yaandikwe katika daftari lile lile linaloandika kufika na kutokufika, ili robo mwaka ikiisha, msimamizi anapokaa kuhesabu waliopotea, awe na la kusoma mbele ya kila jina.